Breki ya Mbele

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Breki Moja, naye jina hilo akalibeba kama cheo. Kila baiskeli iliyopita mikononi mwake ilitoka na breki ya nyuma iliyokazwa barabara na ya mbele iliyolegezwa, hata ukiibana, raba yake haigusi ringi. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na aliyemfundisha alifundishwa hivyohivyo. "Ya mbele inakurusha juu ya usukani," aliwaambia wateja. "Unataka kufika, au unataka kuruka?" Watu walicheka, wakapanda, wakaenda zao. Ubishi wake haukuwa na dawa, na mimi simtetei.

Mke wake alikuwa mkunga kwenye zahanati ya bondeni. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya mvua, aliteremka kwa baiskeli ule mteremko wa kwendea zahanati na hakurudi tena. Ringi za chuma zikilowa huteleza kama sabuni. Breki ya nyuma ilijitahidi peke yake, na penye kona palikuwa na lori limesimama. Watu waliilaumu mvua. Mbele za watu, fundi naye aliilaumu mvua.

Sasa binti yao wa pekee alikuwa amepata kazi ya uuguzi zahanati ileile, keshoye anaanza, na aling'ang'ania kwenda na baiskeli ya mama yake. Basi Jumapili hiyo mchana fundi aliipindua barazani, magurudumu juu, binti akiwa kwenye kigoda anampokeza spana. Ringi za chuma alikwisha kuzing'oa, akasuka spoki upya kwenye ringi za alumini, ambazo hushikika hata zikilowa. Alitia raba mpya, ndefu na laini, akazipanga zikae sawasawa na ringi bila kugusa tairi. Akabadilisha nyaya zote za breki. Alipomaliza ya nyuma akazungusha gurudumu, akabana, likasimama papo hapo.

Akahamia mbele. Aliuvuta waya kwa koleo, akakaza nati. Kisha vidole vikafanya vilivyozoea: vikafungua nati, vikaurudisha waya kidogo, vikafunga.

"Baba, umeilegeza."

"Nimeona, mwanangu."

Spana ilimtoka mkononi. Alikaa sakafuni, na maneno aliyoyameza miaka mitatu yakamtoka yenyewe.

"Hata ya mama yako niliilegeza. Kwa mkono huu. Tusisingizie mvua."

Alingoja alaumiwe, na alikuwa tayari. Lakini binti alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Ilikuwa imelegea, najua," akasema. "Siku moja kabla, mama alinituma kwako. Alisema, 'Mwambie baba yako aikaze ya mbele, ule mteremko unanitisha. Mimi atanicheka, wewe hakukatalii kitu.' Nikamwambia sawa. Nikaingia kwenye mambo yangu, nikasahau. Baba, nilisahau tu. Ni mimi."

Hapo fundi alipata mlango wa kutokea, na nitasema ukweli, aliuona. Angesema tu kwamba walikosea wote wawili, nusu ya mzigo ingeshuka mgongoni mwake, naye alikuwa amechoka kuubeba. Lakini alikumbuka wiki ileile ya msiba, kabla mkewe hajafa. Mwalimu mmoja alikuja kumwomba aikaze ya mbele, naye fundi akamfanyia mzaha mbele ya wateja mpaka mtu wa watu akaondoka kwa aibu.

"Ungeniambia, nisingeikaza," akasema.

"Unanibembeleza, Baba."

"Sikubembelezi. Ningecheka. Ningesema mama yako mwoga, halafu ningekuagiza chai. Breki ingebaki vilevile, na asubuhi angeteremka nayo. Wewe usingebadilisha kitu."

Binti alimkazia macho muda mrefu, kama mtu anayesoma barua akihofia mstari wa mwisho.

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, bila kupunguza. Mabega ya binti yakashuka, akaanza kulia kwa sauti, kilio alichokibana tangu mazishini. Baba yake alibaki pale pale sakafuni. Alitamani kumshika, lakini hakujua kama bado ana ruhusa hiyo. Akaiokota spana, akaukaza waya wa mbele, na safari hii hakuurudisha.