Ngano ya Mchana Kweupe

Daktari wa macho alikuwa mmoja, naye angeondoka saa nane. Wilkister Ajwang alijua hivyo tangu getini, ndiyo maana aliingia kwenye maonyesho ya kaunti pale Thika bila kutazama ng'ombe wa gredi wala matrekta. Alimshika mkono mjukuu wake Maxine, akaenda moja kwa moja hadi hema la watoto na familia.

Maxine alikuwa na miaka sita, na alisoma ubao kwa kuusogelea mpaka pua ikaingia chaki. Mwalimu wake kule mtaani Kimbo alikuwa amesema, "Mama, apimwe macho muhula huu, ama nimrudishe nasari." Mamake mtoto, Bridget, alikuwa Uarabuni akifua nguo za watu. Kwa hivyo macho yalibaki kuwa kazi ya nyanya.

Kumwona daktari kulitaka kadi yenye mihuri minne. Wa kunawa mikono, walipata. Wa kupimwa kilo na kimo, walipata, ijapokuwa msichana wa mizani alisema, "Huyu amedumaa kidogo," na Wilkister akamjibu kwamba hata yeye si mti wa mgrevilia. Wa mafunzo ya malezi pia walipata. Wilkister alisinzia, lakini alisinzia ameketi wima, na kadi haikuuliza maswali.

Wa nne ulikuwa mkononi mwa Janice Kamene, msimamizi wa hema na wa mradi uliolileta. Alivaa fulana ya rangi ya chungwa, na aliongea kama mtu mwenye spika hata spika ikiwa imezimwa. Siku hiyo haikuwa imezimwa.

"Hapa ni bonding," alisema Janice. "Unaketi na mtoto, unamsimulia hadithi ya kwenu. Dakika tano. Kijana wangu Mulei hapa anarekodi kwa simu, mimi napiga muhuri."

"Hadithi gani?"

"Ya kitamaduni, shosho. Sungura, fisi, yoyote."

Wilkister akatazama jua. Saa tano. "Madam, kwetu ngano ni ya jioni. Ukimsimulia mtoto mchana, hakui. Anabaki hapo alipo."

"Huo ni ushirikina. Sisi tumekuja na sayansi."

"Basi sayansi inipeleke kwa daktari. Mimi nimeleta macho, sikuleta fisi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Janice hakucheka, na kuanzia hapo mambo yakaharibika.

"Hakuna hadithi, hakuna muhuri. Next!"

Aliyefuata alikuwa Kaveke, jirani yake Wilkister wa mlango wa pili, mama wa Byron. "Kwetu Ukambani ukisimulia mchana, ng'ombe wanapotea," alisema akijipangia leso. "Lakini mimi pale Kimbo sina hata kuku. Nipotelewe na nini?" Akaketi, akamaliza fisi wake haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, na muhuri ukalia pwaa.

"Ajwang, sema tu kitu," Kaveke akamnong'oneza. "Hata uongo."

"Si ngano yenyewe ndiyo uongo?"

Wilkister hakuwa anafanya ukaidi wa bure. Alikuwa na kaka, Jeconia, ambaye alilishwa ngano mchana na shangazi mmoja aliyechoshwa na palizi. Jeconia alibaki na kimo cha mkebe wa maziwa. Alioa, akazaa, akazeeka, na siku ya kumzika, fundi wa jeneza aliuliza kama marehemu ni wa nasari. Sasa Wilkister alitazama vifundo vya mikono ya Maxine, vyembamba kama vijiti vya mwiko, akaona anaambiwa achague: mtoto aone, au mtoto akue.

Alirudi mbele ya meza. "Madam, nipe kazi nyingine. Nifagie hema. Niimbe."

"Shosho, unanipotezea wakati." Janice alishika kipaza sauti, na maneno yakatoka hadi kwa wauza ng'ombe. "Ndiyo maana watoto wenu wanabaki nyuma! Mnatoka huko kwenu na mambo yenu ya giza. Huyu mtoto akiwa kipofu, msimlaumu Mungu. Mlaumuni nyanya mjinga!"

Maxine akajificha kwenye sketi ya nyanyake. "Dani, twende nyumbani."

"Bado," alisema Wilkister, akavuta kiti, akaketi bila kuambiwa. "Mulei, washa hiyo simu yako. Nitasema."

"Si ulikataa?" aliuliza Janice.

"Nilikataa ngano. Nitasema ya kweli. Ya kweli haina saa, ndiyo maana korti hufunguliwa asubuhi."

Janice akakunja mikono. Wilkister akajikohoza.

"Mwezi wa sita, Jumapili, msichana mmoja alikuja na kamera kwa ploti yetu. Tulikuwa tumetoka kanisani, watoto wamevaa viatu, soksi nyeupe. Akawaambia, vueni viatu. Wakavua. Akawaambia, msicheke. Wakanuna. Akachovya kidole kwa matope ya pale bombani, kidole chake mwenyewe chenye kucha ya rangi nyekundu, akampaka huyu wangu shavuni. Nikauliza ni ya nini. Akasema, wafadhili hawapendi soksi."

Kina mama wakainua macho. Nyuma ya Janice ilining'inia picha kubwa ya mtoto miguu mitupu, matope shavuni, na chini yake maandishi: TUREJESHE TABASAMU.

"Haiya! Si ni huyu Maxine?" ikasikika sauti kwenye foleni.

"Na ule mkono pale kando ni wa Byron wangu!" akapiga kelele Kaveke. "Mmemkata mtoto wangu akabaki mkono!"

"Mulei, zima," alisema Janice.

"Ulisema dakika tano, madam," alisema Mulei bila kuinua uso. "Zimebaki tatu."

Vicheko vilivyotoka havikuwa vya furaha. Mama mmoja akauliza soksi zilienda wapi. Mwingine akasema ile picha iteremshwe sasa hivi. Wilkister akangoja watulie, kisha akasema kwa upole sana, "Sijafika kwenye jina la msichana. Niendelee?"

Janice akainyakua kadi kwa vidole vyenye kucha nyekundu. Aligonga muhuri mpaka meza ikachechemea. "Nenda. Na mwakani usinikanyagie hema."

"Mwakani uniite kwa kamera tena. Tutavaa viatu viwili viwili."

Kwa daktari, Maxine alionyeshwa karatasi ukutani.

"Unaona nini?"

"Naona karatasi."

"Na juu yake?"

"Kuna kitu juu yake?"

Daktari hakucheka. Alimbadilishia vioo kimoja baada ya kingine, na kwenye cha tano Maxine akashtuka, akasema, "Dani, una mistari usoni!" Wilkister akamwambia asome ukuta, uso wa watu si kazi yake.

"Miwani itakuwa tayari wiki mbili kutoka leo," alisema daktari akiandika. "Mtaichukua Ruiru, ofisi ya mradi. Kwa madam Janice."

Wilkister akageuka. Janice alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, ameikunja ile picha chini ya kwapa. Alikuwa amesikia. Walitazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja.

"Ofisi yenu hufunguliwa saa ngapi?" aliuliza Wilkister.

"Saa mbili."

"Utanikuta mlangoni tangu saa moja."