Akaunti kwa Jina la Saru

1

Kuta zimekaguliwa. Vioo vyote vipo. Bomba la jikoni linavuja, lakini Bi Zuhura, mwenye nyumba, anasema linavuja tangu enzi zile, hataki kumsingizia mtu. Anafungua mkoba na kurudisha amana ya stima papo hapo kizingitini, noti zimekunjwa kama za sadaka.

"Na ya maji, Bi Zuhura?"

"Ya maji mlilipa wenyewe kule ofisini, mwanangu. Kaidai huko. Na hongera kwa nyumba, eti!"

Mshai anaruka. Kweli anaruka, mama mzima, mwokaji keki anayejulikana Sofia yote hapa Voi, anaruka kwenye sebule tupu mpaka sauti yake inamrudia kutoka ukutani.

Nyumba.

Yake.

Iko Birikani, mabati mekundu, milango miwili. Kaka yake Mwadime yuko huko sasa hivi, anachimba mtaro wa bomba. Mumewe yuko barabarani na lori, atafika Ijumaa. Jumamosi ni sherehe ya kuingia nyumba. Bado maji tu. Amana ile ya zamani ikirudi, ndiyo itakayolipia bomba jipya.

2

Yaliyosikika kwenye veranda wakati godoro likipakiwa:

"Huyo anahama na furaha mpaka anasahau sufuria."

"Mwambieni friji isilazwe!"

"Malemba, mtoto mzuri, shuka kwenye pikapu."

"Kwaheri si kitu, Mama Malemba, lakini keki utatuletea nani?"

"Mimi! Mimi mwenyewe! Mtakuja Birikani mchoke!"

3

TANGAZO KWA WATEJA WANAOHAMA

Mteja anayefunga akaunti ya maji anaarifiwa kwamba amana itarejeshwa baada ya mita kusomwa kwa mara ya mwisho na bili zote kulipwa. Mteja afike MWENYEWE, akiwa na kitambulisho halisi. Amana hairejeshwi kwa jirani, ndugu, mpangaji mwenza wala mtu mwingine yeyote.

Tunathamini uvumilivu wako.

4

"Jina?" aliuliza dada wa kaunta.

"Mshai Mwakio."

Dada akatazama kompyuta. Akatazama tena.

"Akaunti hii si ya Mshai."

"Ni yangu. Nimeilipa miaka yote. Risiti hizi hapa."

"Kulipa umelipa, na Mungu akubariki. Lakini mwenye akaunti ni Saru Mwandoe."

Mshai alishika ukingo wa kaunta. Jina hilo alikuwa hajalisikia likitamkwa kwa sauti tangu...

"Dada? Unamjua?"

"Namjua."

"Basi aje. Au ulete barua ya wakili."

"Wakili si atanila kuliko hiyo amana yenyewe?"

"Atakula na sahani," alisema dada, na wote wawili wakacheka, ila Mshai alicheka kidogo tu. "Lakini mtu wako yupo. Ujumbe wa bili humfikia kwa simu kila mwezi. Haujarudi hata mmoja."

Kila mwezi.

5

Ngoja, msomaji, nikuweke sawa kabla hujapotea, maana Mshai mwenyewe ametoka nje ameketi kwenye ngazi za ofisi na hasemi.

Saru alikuwa rafiki yake. Si rafiki wa salamu, la. Walifanya kazi pamoja ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya watalii, wakachanga, wakapanga nyumba ile ya Sofia wawili. Mshai alikuwa amepoteza kitambulisho, ndiyo maana maji yakaandikwa kwa jina la Saru. Walilala chumba kimoja, wakavaliana viatu.

Kisha Mwadime, kaka yake Mshai, akampenda Saru. Mahari ikapelekwa. Shangazi wakashona sare. Na wiki ya harusi Saru akasema haolewi, hakusema kwa nini. Nyumba ya kina Mshai iliwaka moto wa aibu, mama yao akaugua, wazee wakaitana. Siku hiyo Mshai akabeba sanduku la Saru, akaliweka nje ya mlango, akafunga.

Miaka tisa.

Hawakusemezana tena. Bili za karatasi ziliendelea kuchomekwa getini, Mshai akiangalia kiasi tu, bila kulitazama lile jina la juu. Ukiona kitu kila siku, mwishowe hukioni.

6

Namba aliijua kwa moyo. Vidole viliibonyeza kabla kichwa hakijakubali. Iliita. Iliita. Mshai aliomba isipokelewe. Kisha akaomba ipokelewe, haraka, kabla hajabadili nia.

"Mmehama?"

Hakuna hodi, hakuna salamu. Sauti ile ile yenye mkwaruzo.

"Nani kakwambia?" Mshai aliuliza.

"Mwezi huu uniti mbili tu. Nyinyi hamtumii uniti mbili. Nikasema, ama wamehama, ama kuna mgonjwa. Nimeshinda na simu mkononi, Mshai. Niambie mmehama."

"Tumehama."

"Kwenda kwa nani?"

"Kwangu." Na furaha ikampasua hapo, akasimama kwenye ngazi, watu wakamgeukia. "Kwangu, Saru! Nimejenga!"

Upande wa pili kelele ilikuwa kubwa hata simu ikakwaruza. Ilikuwa vigelegele. Mtu peke yake, mahali fulani Mombasa, anapiga vigelegele katikati ya kazi.

7

(Saru anasimulia mwenyewe, kwenye treni ya asubuhi, kwa mama mmoja aliyeketi naye ambaye hakuuliza kitu.)

Ningebadilisha namba, mama. Ama ningeenda niwaambie, ondoeni jina langu, mimi sikai huko. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Kisha ujumbe unaingia: *Ndugu SARU MWANDOE, bili yako ya maji ni.* Basi nausoma kama barua. Kulikuwa na mwaka maji yalipanda ghafla, yakakaa juu. Nikajiambia, nepi. Mshai amezaa. Nilinunua kitenge siku hiyo, sikujua nitampa nani. Halafu yakaanza kupanda kila Desemba, nikashangaa, mpaka nikasikia kwa mtu kwamba anaoka keki. Krismasi hiyo! Kuna miezi miwili yalishuka karibu na sufuri. Hiyo miezi, mama, mimi sikulala vizuri.

Hapana, hatukuwa tunaongea.

Ndiyo, ninakwenda kuchukua pesa. Si zangu. Ziko kwa jina langu tu.

Huoni kama hii treni inakwenda polepole?

8

Stesheni ya Voi. Mshai amefika mapema kupita kiasi. Amevaa viatu vya sherehe, vinambana, hajali. Malemba anauliza tunamngoja nani, anaambiwa shangazi. Shangazi yupi? Utamwona.

Milango inafunguka. Watalii. Mabegi. Mwanamume na jiko la gesi. Na

gauni jeupe.

Wakasimama. Mshai alikuwa ameandaa maneno, alikuwa ameyapanga usiku kucha kama sahani kabatini. Yote yakaporomoka.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe una mvi."

"Ile miezi miwili," Mshai alianza, maana alikuwa amekwisha kuulizwa kwa simu, "nililazwa. Mimba ya pili. Haikukaa."

Saru akaachia begi lake sakafuni, akamkumbatia katikati ya njia, watu wakapita kando kama maji yanavyopita jiwe. Kisha akachuchumaa mbele ya Malemba, akafungua begi, akatoa kitenge cha njano, kimekunjwa mkunjo wa miaka.

"Hiki kilikuwa cha kukubebea," alimwambia. "Sasa utakibeba wewe."

9

OFISI YA MAJI. DIRISHA LA PILI.

Jina: *Saru Mwandoe.* Kitambulisho: *halisi, kimeonekana.* Mita: *imesomwa.* Deni: *hakuna.* Sababu ya kufunga akaunti:

Dada wa kaunta aliinua kalamu. "Niandike nini? Mteja amehama?"

"Mimi nilihama zamani," alisema Saru.

"Nilimhamisha," alisema Mshai.

Dada aliwatazama, huyu, kisha yule, akaandika *amehama*, akagonga muhuri. Pesa ziliingia kwenye simu ya Saru kabla hawajafika mlangoni. Saru akazirusha kwa Mshai papo hapo, simu ya pili ikalia, na Mshai akarudi mbio dirisha la tatu kulipia bomba la Birikani. Fundi wa kuunganisha, wakamwambia, kesho asubuhi.

Kesho!

10

Walikwenda kwa miguu kwa sababu Saru alitaka kuona mji. Malemba alitangulia, kitenge begani kama mfalme. Mshai aliuliza bila kumtazama.

"Kwa nini, Saru? Kaka yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Mwadime alimuuliza baba yangu. Baba akawauliza wajomba. Wajomba wakauliza mbuzi wangapi." Alicheka, kisha hakucheka. "Kila mtu aliulizwa, isipokuwa mimi. Nilingoja mpaka nguo zikashonwa. Nikaogopa."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ndiye uliyekuwa na furaha kuliko wote. Ningeanzia wapi?"

Mshai akaangalia mbele. Mabati mekundu yalikuwa yameanza kuonekana.

"Saru. Yupo pale."

"Nani?"

"Mwadime. Anachimba mtaro. Sikumwambia unakuja, na wewe sikukwambia yupo."

Saru alisimama.

"Ameoa?"

"La."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu zake. Sijui. Muulize. Ukitaka turudi, tutarudi, nitakupeleka stesheni sasa hivi, sitanuna."

Jua lilikuwa kali, na mbali kidogo sepetu iligonga jiwe, ikatulia, ikagonga tena. Saru aliweka begi kwenye bega jingine.

Akaendelea mbele.

11

Malemba alifika wa kwanza. "Mjomba! Tumekuja na shangazi!"

Mwadime alikuwa ndani ya mtaro mpaka kiunoni, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Aliinua kichwa.

Akaegemeza sepetu ukingoni.

 Mshai alitaka kusema kitu, lolote, habari ya maji, habari ya kesho.

"Umechelewa," alisema Mwadime.

"Treni," alisema Saru.

Mwadime alikuwa wa kwanza kushindwa. Kicheko kilianza tumboni, kikamwinamisha, akajishikilia ukingo, udongo ukamwagikia ndani. Saru akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mshai alicheka na kulia pamoja, hakujua kipi kilitangulia. Malemba akacheka kwa sababu wakubwa wamecheka.



Mwadime alifuta kiganja kwenye suruali. Hakikusafika. Akakinyoosha juu, atolewe mtaroni.

Si kwa dada yake.

Saru alikitazama kile kiganja chekundu. Akalitazama gauni lake jeupe, lile la kusafiria, mikono mirefu, vifungo vidogo vidogo.

Akaanza kukunja mkono wa gauni.