Pafu la Kushoto

Wanafunzi walimwita Mama Pumzi. Yeye alijifanya hajui, ingawa jina lilimpendeza. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiwafundisha wauguzi kazi ya mashine za kupumulia katika wodi ya wagonjwa mahututi, na hakuna aliyepita mikononi mwake bila kuvuta hewa kwa mrija wa soda, pua imebanwa, dakika mbili kamili. Wakishatweta vya kutosha ndipo alipowafundisha vitufe, namba na kengele. Mwisho kabisa ilikuja sheria yake: kwenye fomu andika ulichosikia kwa masikio yako mwenyewe, hata kama aliyesimama kando yako ni profesa.

Shida ni kwamba masikio yake mwenyewe yalikuwa yanamwacha. Yalianza na simu, ikawa inaita mezani mpaka mjukuu amletee. Binti yake alimsihi akapime. Akasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa wiki ijayo, miezi minane ikakatika. Alibakiza miezi saba tu astaafu, na muuguzi wa mapafu asiyesikia mapafu ni sawa na mshonaji asiyeona tundu la sindano. Aliona haya, basi. Watu wakizungumza naye alitazama midomo yao, akajibu, na mambo yakaenda. Wodini, hata hivyo, midomo yote ilikuwa nyuma ya barakoa.

Jumanne asubuhi alikuwa na wanafunzi wanne kwenye kitanda cha seremala mmoja, mtu wa makamo aliyeugua nimonia na kuwa na mpira wa kupitishia hewa kooni kwa siku ya sita. Daktari alikuwa amemwambia mke wa seremala kwamba huenda wiki hiyo wakamtoa kwenye mashine. Tangu aambiwe hivyo, mke alikaa kwenye benchi la nje na mfuko mapajani, ndani yake viatu vya mumewe alivyovipiga rangi mwenyewe.

Wanafunzi walimgeuza mgonjwa wabadilishe shuka. Walipomrudisha chali, taa nyekundu ya mashine ikawaka: hewa ilikuwa inaingia kwa shida. Mama Pumzi alimpa ishara binti mmoja asikilize kifua. Wenzake walimwita Taratibu kwa ile sauti yake ya chini. Hata akikuomba kalamu ungedhani anakuomba msamaha. Taratibu alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudia kushoto. Halafu mwalimu akainama na kifaa chake mwenyewe.

Kulia alipata kitu kama upepo wa mbali. Kushoto alisikia kile alichokisikia kwa miaka ishirini na mitatu, maana masikio yakichoka kumbukumbu huyajazia.

"Hewa inaingia pande zote," akasema. "Ni makohozi hayo. Yafyonzeni."

Wakafyonza, yakatoka kidogo. Taa ilipokataa kuzimika, alipandisha kiwango cha kengele ili mashine iache kuonya, jambo ambalo mwanafunzi angelifanya angemfokea mpaka alie. Taratibu alikuwa amesimama nyuma yake na kalamu. Mama Pumzi akageuka, akamnyooshea kidole kwenye fomu, na binti akaandika: pande zote sawa.

Kabla ya adhuhuri pafu la kulia, lililokuwa likibeba hewa ya mapafu mawili, lilipasuka. Moyo ukasimama. Walikandamiza kifua kwa dakika arobaini na hawakupata kitu. Daktari ndiye aliyegundua kwamba mpira ulizama sentimita tatu mgonjwa alipogeuzwa, ukaingia njia ya pafu la kulia peke yake. Mke alipoambiwa, aliuliza viatu avipeleke wapi.

Kikao cha kuchunguza kifo hicho kikapangwa Alhamisi. Metroni alimdokeza Mama Pumzi mapema kwamba maandishi kwenye fomu ni ya mwanafunzi, na mwanafunzi ndiye atakayeondoka. Kwa siku mbili Mama Pumzi alikuwa amejijengea kesi kichwani, tofali juu ya tofali: yule binti ana masikio mabichi, alijua kila kitu, akanyamaza. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu afe? Hasira ilimfariji, akaikumbatia.

Alimkuta Taratibu kwenye korido nje ya chumba cha kikao, sare imepigwa pasi, barakoa imeshushwa kidevuni. Akakaa kando yake.

"Kushoto ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, Mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

Binti alimtazama. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na hilo lilimuuma mwalimu kuliko chuki.

"Nilikuambia, Mwalimu. Nilikuambia mara mbili, nilikuwa nyuma yako. Ukanyoosha kidole kwenye fomu. Nikajua umenisikia, ila unajua zaidi yangu."

Kesi yote ikaporomoka pale pale benchini. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kumwangukia mtu mwingine, mwenye mke na viatu vilivyokwisha pigwa rangi.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Wataniamini mimi au wewe?"

Mlango ukafunguliwa, metroni akamwita mwanafunzi. Mama Pumzi akaingia yeye badala yake. Aliomba ile fomu, wakampa wakidhani anataka kuisoma. Akachukua kalamu, na chini ya maandishi ya Taratibu akaandika kwa mkono wake: mwanafunzi aliniambia kushoto hakuna kitu, sikumsikia. Mimi mwenyewe kushoto sikusikia, nilikisia. Akaweka saini na saa.

Metroni alisoma, akainua kichwa, akasema jambo huku ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ondoa mkono," Mama Pumzi akamwambia. "Bila kuona mdomo sikusikii. Ni miezi minane sasa."

Kiti alichowekewa Taratibu kikaoni kilibaki kitupu, hakuna aliyemwita tena ndani. Seremala alikuwa amezikwa jana yake.