Mama Msonyo

Binti alilisema akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, tumbo limemtangulia. Hakupandisha sauti. "Mama, sitajifungulia hospitalini kwenu. Nimeshajiandikisha ile hospitali ya upande wa pili wa mji."

Mama yake, mkunga, akaweka sufuria chini. Miaka yote hiyo amepokea watoto wa watu, wengine sasa wana ndevu, halafu mjukuu wake wa kwanza apokewe na mikono ya wageni? "Nani kakutia maneno?"

"Hakuna. Ni wewe, mama. Unasonya."

"Nasonya? Mimi? Lini?"

"Sasa hivi umesonya."

Mkunga akacheka kicheko cha mtu aliyesingiziwa, kisha kikamkauka kooni kwa sababu binti hakucheka naye. Binti alieleza taratibu, ilionekana kayapanga maneno yake njiani. Utotoni akianguka, mama yake alimfunga kidonda vizuri kuliko mama yeyote pale mtaani, ila kwanza alisonya. Akishikwa na homa, alipata kitambaa cha maji kipajini na msonyo juu yake. "Nikajifunza kutolia. Mpaka leo sijui kulia mbele yako. Na siku hiyo nataka nilie." Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Tumpe mkunga haki yake: kazi aliijua. Mikono yake ilitambua mtoto alivyolala tumboni kabla mashine haijawashwa, na wanafunzi waliomkimbia walikimbia wakiwa wameiva. Lakini maneno ya binti yalimkaa rohoni. Kesho yake alifika kazini uso umemvimba, akamvuta shoga yake, mkunga mwenzake aliyeanza naye kazi, hadi chumba cha kubadilishia nguo.

"Hebu niambie. Mimi nasonya?"

Mwenzake alifunga vifungo vyote vya sare yake kabla ya kujibu. "Unataka ukweli, au nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Ukweli."

"Wodi nzima wanakuita Mama Msonyo. Mpaka daktari mkuu. Mimi nilidhani unajua, ni ukaidi tu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenisonya."

Mkunga akaingia wodini ameazimia kujisikiliza, na hiyo si kazi nyepesi kwa mtu aliyezoea kusikiliza matumbo ya wenzake. Kitanda cha dirishani alilala mama kijana, mimba yake ya kwanza, anasubiri uchungu ukolee. Mkunga akamwinamia, akaweka tumboni kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto. Akayatafuta mapigo, akayakosa, akasogeza kipembe. Hapo ulimi ukapanda, meno yakakutana, hewa ikavutwa ndani. Akausikia msonyo wake kwa mara ya kwanza, mrefu, wenye dharau ambayo yeye hakuwa nayo moyoni.

"Samahani, sista," alisema yule mama kijana.

Mkunga akaganda. Samahani ya nini? Neno hilo alikuwa ameambiwa na wanawake wasiohesabika juu ya vitanda hivi hivi, naye akilichukulia kuwa adabu zao njema. Kumbe walikuwa wakimwomba radhi kwa kuumwa. Aibu ilimshika, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akasogeza kipembe tena, mapigo yakasikika. Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo mwanafunzi akilifanya hugombezwa. "Mwanangu, msonyo ule si wako. Nikitafuta kitu nikakikosa, mdomo wangu hufanya hivyo, na leo ndiyo kwanza nimejua. Mapigo nimeyapata, mtoto mzima. Sasa niambie, kuna lolote hujatuambia?"

Mama kijana akatazama dari. "Kichwa kinanigonga tangu usiku. Na naona vimulimuli. Niliogopa mtasema nadeka."

Presha iliyokuwa sawa alipolazwa ilikuwa imepanda vibaya. Kifafa cha mimba kilikuwa kinabisha hodi. Daktari akaitwa mbio, sindano ikachomwa, chumba cha upasuaji kikafunguliwa, na kufikia alasiri mama na mtoto wake walikuwa hai wote wawili. Mwenzake akaja kumpongeza, lakini mkunga hakuzitaka pongezi hizo. Aliwaza wale wengine waliotazama dari wakanyamaza, na yeye vikaoni akilalamika kwamba wanawake wa siku hizi hawasemi mpaka maji yamewafika shingoni. Baadhi yao aliwafunika shuka yeye mwenyewe.

Jioni akampigia binti simu. "Ulisema kweli. Leo nimejisikia kwa masikio yangu."

Binti hakukata simu.

"Siombi uje kwetu. Naomba nije huko nikae tu."

"Njoo kama mama," binti alisema mwishowe. "Ukunga uache nyumbani."

Siku ilipofika alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akimtazama mkunga msichana, mdogo kwa umri kuliko hata binti yake, akifanya kazi yake. Mengine aliyafanya sivyo ambavyo yeye angefanya, na kumeza maneno kulimwia vigumu kuliko kumeza dawa chungu. Uchungu ulikuja ukarudi. Kila ulipokuja, binti aliuma pembe ya shuka, macho makavu, jasho linamtoka. Ndipo msichana akachelewa kumgeuza binti ubavu, na mdomo wa mama ukamtoroka. Msonyo ukatoka, chumba kizima kikausikia. Binti hakugeuka. Aliuma shuka kwa nguvu zaidi.

Mama akainuka, akapiga magoti sakafuni kando ya kitanda mpaka nyuso zao zikawa sawa. "Nimeusikia," alisema. "Niwie radhi, mwanangu. Kwa huu, na kwa yote tangu ulipokuwa mdogo. Sikujua, na gharama ya kutojua kwangu umeilipa wewe. Ukitaka nitoke, natoka."

Binti akamtazama kama anampima. Uchungu mwingine ukaja. Akaliachia shuka likadondoka mdomoni, akamkamata mama yake mkono, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, mpaka watu wa ukumbini wakasikia, na mama yake hakumwambia anyamaze.