Vidonge Chini ya Mtakatifu Antonio

Mtaa mzima wa La Salina, mjini Ciénaga, ulizijua siku za Nerlis kuliko alivyozijua yeye mwenyewe. Si kwa ubaya. Kila mwezi, siku mbili kabla ya hedhi, kipandauso kilimshika upande wa kushoto, kikamlaza kwenye chumba cha giza na vipande vya kiazi kibichi vimefungwa kwa kitambaa kwenye kipaji cha uso. Hapo mumewe Arnulfo alikuwa anazima spika. Nasema spika, lakini yalikuwa makabati mawili marefu kuliko mlango, yamechorwa simba anayetema moto, na Arnulfo aliyakodisha kwa sherehe. Yakianza kulia, vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Kwa hiyo watu walipanga ubatizo na siku za kuzaliwa kwa kumtazama Nerlis. "Tarehe saba haifai," walikuwa wakisema, "hiyo ni ya kichwa cha Nerlis."

Mwezi wa tano, tarehe saba ikafika na kichwa kisije. Mama mkwe wake, Eduvina, alikuwa ameshashusha mapazia na kukata viazi, basi Nerlis akalala navyo kwa heshima tu, macho wazi, kama mtu anayengoja mgeni mkorofi aliyechelewa basi. Tarehe tisa, kimya. Ishirini, kimya. Ishirini na moja akasema anakwenda kununua kitambaa, akashukia mji wa mbele ambako hakuna aliyemjua, akaingia zahanati.

Nesi alikuwa mwanamke mnene anayemenya chungwa huku akizungumza.

"Una mimba, binti. Na hicho kipandauso chako ni cha homoni. Kila zikishuka kabla ya hedhi, kichwa kinalia. Sasa miezi hii ya mwanzo zinapanda, zinayumba, kinaweza hata kuzidi. Ukiingia mwezi wa nne zinatulia, na wanawake wengi kinawaacha kabisa. Ukishazaa zinaporomoka, kinarudi. Unatumia dawa gani?"

Nerlis akamtajia vidonge vya rangi ya waridi ambavyo mama mkwe humpa kila kichwa kikiuma.

Nesi akaliweka chungwa chini. "Hivyo hapana. Hata kimoja. Vinabana mishipa, vinabana na mji wa mimba. Kichwa kikiuma meza hii nitakayokupa, moja, kunywa maji, kula kwa saa zake, lala. Na ukifika miezi mitano ukiumwa kichwa huku umevimba uso au macho hayaoni vizuri, usinisubirie kiazi. Njoo mbio."

Njia nzima ya kurudi Nerlis alishika tumbo na kuweka nadhiri: asijue mtu mpaka mimba iingie mwezi wa nne. Miaka miwili nyuma alikuwa amemwambia Arnulfo wakati wa chakula cha jioni. Kabla sahani hazijaoshwa, Arnulfo alikuwa ameshika kipaza sauti, na mitaa miwili ikajua kwamba simba anapata mtoto. Mwezi wa tatu mimba ikatoka. Watu wale wale wakaja na kuku wa mchuzi, wakiinamisha macho, na kwa muda mrefu kila alipoingia dukani mazungumzo yalikatika. Kuzika tumaini mara moja mbele ya mtaa kulimtosha.

Nesi hakukosea. Wiki hiyo hiyo kichwa kilikuja, na hakikujali tarehe. Jumanne kilikuja, Ijumaa kikaja, Jumatano tena. Harufu ya samaki wa kukaanga ilimtapisha, mwanga wa dirishani ulimchoma kama sindano. Lakini kichwa kilikuwa nafuu. Taabu ilikuwa Eduvina.

Eduvina alimpenda mkwewe kweli, na mapenzi yake yalikuwa ya kijeshi. Vidonge vya waridi alivihifadhi kifuani, kwenye leso yenye fundo, na havikutolewa bila usimamizi.

"Meza nione."

"Nishameza, mama."

"Fungua mdomo."

"Aaa."

"Ulimi juu. Haya. Lala, mwanangu, kitapungua."

Nerlis alikuwa amekibana kidonge kati ya fizi na shavu, kichungu kama nyongo. Mama mkwe akishatoka, alikitema. Akitupe wapi? Takataka za nyumba ile Eduvina alizipekua kutafuta maganda ya kulisha kuku. Chooni alisikiliza mlangoni. Lakini juu ya kabati kando ya kitanda alisimama Mtakatifu Antonio wa plasta, mtoto mkononi, na ndani alikuwa mtupu kama kikombe kilichopinduliwa. Nerlis akawa anamnyanyua kidogo, anasukumia kidonge chini ya joho lake, anamrudisha. Mtakatifu hakusema kitu.

Mtaani, hesabu ziliharibika. Dilia, anayekaanga arepa za yai, vile vimkate vya mahindi, pale kona, ndiye aliyeanza.

"Mama Eduvina, jana tena spika kimya? Mwanangu ana sherehe, tumecheza kwa kupiga makofi kama walokole!"

"Nerlis anaumwa kichwa."

"Tarehe ishirini na sita? Chake si tarehe saba?" Dilia akageuza arepa taratibu, jicho moja limefumba. "Mwanamke akipotea tarehe, mimi huwa nauliza maswali."

"Uliza mafuta yako, yanaungua."

Kumi na tatu ya mwezi wa sita ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio. La Salina, ukiwa na haja na mtakatifu hakusikii, siku hiyo unamgeuza kichwa chini miguu juu, na unamwacha hivyo mpaka atoe ulichoomba. Wasichana humgeuza kwa ajili ya mume. Eduvina alikuwa ametangaza mpaka sokoni kwamba mwaka huu yeye atamgeuza kwa ajili ya mjukuu.

Akaingia chumbani mchana, kanga kiunoni, uso wa kazi. Nerlis alikuwa amelala na viazi vyake, kichwa kinagonga. Alipofumbua jicho moja, mkono wa mama mkwe ulikuwa tayari kwenye shingo ya mtakatifu.

"Mama, mwache!"

"Miaka miwili nimekuomba kwa adabu," Eduvina alikuwa anamwambia Antonio, "na maua nimekuletea. Sasa utaijua damu ikikuteremkia kichwani." Akamnyanyua.

Pale aliposimama mtakatifu, vidonge vya waridi vilikuwa vimelala kwa mpangilio, kama mayai chini ya kuku anayeatamia.

"Nini hivi?"

"Vidonge, mama."

"Naona ni vidonge, sijawa kipofu. Mimi nakupa dawa, wewe unampa mtakatifu? Yeye ndiye anayeumwa kichwa?" Akaanza kuvihesabu kwa kidole. "Kumi na moja! Kumi na moja, na mimi natazama mpaka chini ya ulimi! Mwanamke mwenye kichwa kama chako haachi dawa hivi hivi. Labda awe..."

Eduvina alimtazama mkwewe usoni, akashuka mpaka tumboni, akapanda tena. Kisha akamtazama mtakatifu aliyening'inia mkononi mwake, miguu juu.

"Maskini mimi," akasema. "Nimemgeuza mtu aliyekwishamaliza kazi."

Akaketi kitandani. Uso ukambadilika. "Ulimeza hata kimoja? Niambie ukweli."

"Hata kimoja, mama. Nesi alinikataza."

"Na mimi nakusukumia kwa mikono yangu." Akaitazama mikono hiyo. "Mbona hukuniambia?"

"Mara ya kwanza nilisema jioni. Asubuhi ukaniletea soksi za mtoto jozi tisa."

"Jozi kumi na moja," Eduvina akasema polepole. "Ninazo bado. Ziko kwenye sanduku langu, sikuweza kuzigawa."

Nerlis akamshika mkono. "Mpaka mwezi wa nne, mama. Wiki nne. Usiseme. Arnulfo asijue."

"Wiki nne!" Eduvina akalia kama aliyeambiwa afunge bila maji. Alikuwa ananyanyuka kumsimamisha mtakatifu wima na kumwomba radhi, sauti ya Dilia ikaingia dirishani.

"Mama Eduvina! Umeshamgeuza?"

Mama mkwe na mkwe wakatazamana. Antonio akisimama wima, mtaa utajua haja imetimia.

"Nimemgeuza!" Eduvina akajibu kwa nguvu. "Na atakaa hivyo hivyo mpaka atie akili!" Akamsimamisha kwa kichwa ndani ya bilauri, akamnong'oneza: "Nisamehe, baba. Vumilia. Ni siasa."

Vidonge vya waridi akavifukia uani. Dawa ya nesi ndiyo ikawa dawa, kidonge kimoja kwa siku ngumu, na maji, na supu ya maboga saa zile zile bila kuchelewa. Tarehe za ajabu zikabaki bila maelezo, mpaka Dilia akaja mwenyewe mlangoni.

"Leo tena giza humu? Nerlis?"

"Ni mimi," akasema Eduvina, kiazi kimefungwa kila upande. "Kichwa cha Nerlis kimenihamia. Umri huu, Dilia, homoni zinaaga na zinaondoka zikipiga milango. Joto, jasho, kipandauso. Utafika tu."

"Mimi mdogo kwako miaka mitatu!"

"Basi jiandae."

Dilia akaondoka akijipapasa kipaji. Kwa wiki nne Eduvina alilala na viazi asivyovihitaji, akiuma shuka kila alipotaka kusema, na kila jioni akimpangusa vumbi Antonio kwenye nyayo.

Katikati ya mwezi wa saba, Nerlis aliamka akahisi kuna kitu kimempotea. Ikamchukua muda kujua ni maumivu. Siku ya pili, hakuna. Wiki nzima, hakuna. Akafungua dirisha lote, akala samaki wawili wa kukaanga mpaka miiba. Nesi alisikiliza tumbo, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

Jumamosi asubuhi Eduvina alimwosha Mtakatifu Antonio uso, akamweka dirishani upande wa barabara. Wima.

Hakusema neno. Ng'ambo, Dilia aliangusha arepa nzima kwenye mafuta. Dakika moja haikupita, Arnulfo akaingia mbio kutoka barabarani, mafundi wake wa spika na wapita njia nyuma yake, hana hata kiatu kimoja.

"Wananiambia barabarani! Mke wangu mimi, na mimi naambiwa barabarani?"

"Ungejua wewe, barabara ingejua kwanza," mama yake akamjibu.

Arnulfo alimkumbatia Nerlis, akalia kidogo, akakimbilia kwenye spika. Mkono umefika kwenye swichi akasita, akageuka kwa woga wa miaka yote ile.

"Na kichwa?"

"Kimeondoka. Nesi anasema kitarudi nikishazaa."

"Basi kidogo tu?"

"Fungua," akasema Nerlis, "mpaka simba atapike."

Vikombe vikaanza safari mezani. Eduvina alirukia dirishani, akamshika mtakatifu miguu kwa mikono miwili asije akaanguka. Ndiyo kwanza alikuwa amesimama.