Barafu Kwenye Lami ya Manyamanyama

Mvua ya mawe ilimkuta Wankyo bado yuko jikoni, anamimina uji kwenye chupa. Ilianza kwa kishindo kimoja juu ya bati, kikafuata kingine, halafu paa zima likapigwa kwa fujo kiasi kwamba hakusikia sauti yake mwenyewe akimwita mdogo wake. Bati la choo lilipasuka. Mpapai wa jirani ulibaki kijiti. Mvua ilipokatika, kuku watatu walikuwa wamelala uani wamekufa, na ua wote ulikuwa mweupe kama mtu kapasua robota la pamba.

"Leo twende kwa miguu," Wankyo alisema.

"Kilomita nne?" Yakobo alikuwa ameshatoa baiskeli yake nje. "Dada, geti linafungwa saa moja na nusu. Unamjuaga yule msimamizi. Mimi sirudishwi tena."

Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bunda, Wankyo kwenye mashine na Yakobo kwenye marobota. Yakobo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, Wankyo arobaini na moja. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alijua akikataa, Yakobo ataondoka peke yake. Akachuchumaa, akapunguza upepo kwenye matairi ya baiskeli yake mpaka yakabonyea kwa kidole gumba, kisha akashusha kiti ili miguu yake ifike chini.

"Na wewe punguza upepo. Tairi gumu halishiki kitu kwenye barafu. Breki ya mbele usiiguse kabisa. Shika ya nyuma, kidogo kidogo. Usikate usukani ghafla. Na tupite kwenye changarawe, tusipande lami."

"Umejifunzia Ulaya?"

"Kwenye matope ya mbuga, wewe hujazaliwa."

Yakobo alicheka, akapanda hivyo hivyo.

Barabara kuu ya mtaa wao wa Manyamanyama ilikuwa kimya. Magari machache yaliyotangulia yalikuwa yameikandamiza barafu mpaka ikawa kama kioo. Wankyo alikwenda taratibu kwenye changarawe, mabega ameyalegeza, mguu mmoja ukigusa chini kila baiskeli ilipotaka kumtoka. Pembeni watu walikuwa wamesimama mbele ya nyumba zao wakiangalia mabati yaliyotobolewa. Mzee mmoja alikuwa anamvuta mbuzi aliyekufa kwa miguu ya nyuma, huku akitukana.

Kwenye mteremko wa kuelekea kalavati, Yakobo alichoka kujikokota. Akapanda lami.

"Yakobo! Rudi huku!"

"Huku kunateleza vizuri, dada!"

Lori lilitokea ng'ambo, upande wa mjini, limejaa magunia ya mihogo. Lilikuwa linashuka polepole sana. Wankyo aliyaona magurudumu ya mbele yakisimama kabisa, hayazunguki, na lori bado linakuja. Mkia wake ukaanza kufunguka upande kama mlango. Yakobo naye aliliona, akafanya kile alichokatazwa: akakamata breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Baiskeli ilimrusha. Alianguka kifudifudi, akateleza, na magurudumu ya nyuma ya lori yakapita juu ya mguu wake wa kulia. Wankyo alisikia mfupa.

Lori liliishia mtaroni. Dereva akaruka chini, mwanamume mfupi mwenye sweta ya kijani, mikono kichwani. "Limenishinda," alikuwa anasema. "Mama, limenishinda, limenishinda."

Wankyo hakukumbuka alivyoichomoa pampu ya chuma kwenye baiskeli yake. Alimpiga nayo usoni. Dereva hakuinua hata mkono. Akampiga tena, kwa nguvu zaidi, na damu ikamrukia kwenye kiganja.

"Ameua!" Wankyo alipiga kelele. "Ameniulia mtoto wangu!"

Lilikuwa neno tu, lakini watu wa nyumba zile walikuwa wameshapoteza mabati, mbuzi na mahindi asubuhi ile, na mbingu hazipigiki. Walikuja wakikimbia. Jiwe la kwanza lilimpata dereva mgongoni. Akajaribu kutambaa chini ya lori, wakamvuta miguu wakamtoa. Machibya, muuza nyama aliyejulikana na mtaa mzima, alikuja na mpini wa jembe.

Wankyo aliwaacha, akamkimbilia Yakobo. Alikuwa hai. Macho yamemtoka, meno yanagongana, barafu yote chini yake imekuwa nyekundu. Wankyo alifungua kanga yake, akamfunga paja, akakaza kwa fimbo mpaka Yakobo akapiga yowe.

"Umeniita mtoto wako," Yakobo alinong'ona.

"Nyamaza."

Nyuma yake sauti ya mpini ilikuwa inatua kwenye mwili, pu, pu, na yule mtu hasemi tena kwamba limemshinda. Mtu mmoja alipita mbio na chupa ya petroli aliyoitoa kwenye pikipiki. Hapo ndipo Wankyo alipoyaona tena yale magurudumu akilini, yamesimama, hayazunguki.

Aliinuka. Aliwasukuma watu kwa viwiko, akajitupa juu ya dereva.

"Toka, mama!" Machibya alifoka. "Si wewe uliyeanza?"

"Mimi ndiye niliyeanza. Sasa acheni!"

Mpini ulikuwa umeshashuka. Ulimpata begani, na mfupa wa mtulinga ukakatika. Machibya akaunyanyua tena, akapiga hatua moja nyuma apate nguvu, na mguu wake ukakanyaga barafu ya lami. Miguu yote miwili ilimteleza. Alianguka chali, kichwa kikagonga chini. Aliyekwenda kumwinua akaanguka juu yake. Yule wa petroli alipita kando yao, akateleza, chupa ikamtoka ikapasuka.

"Mnaona?" Wankyo alisema, shavu lake likiwa juu ya sweta ya kijani. "Nyie mna miguu tu na mnaanguka. Yeye alikuwa na lori zima. Nililiona. Alikuwa amefunga breki. Alikuwa anakwenda polepole kuliko mimi."

Mmoja mmoja waliangusha mawe yao. Mtu mmoja aliyekuja na gari dogo la mizigo aliwabeba wote watatu, Yakobo na dereva wakilazwa bega kwa bega, Wankyo katikati ya miguu yao.

Musoma, madaktari walimkata Yakobo mguu chini ya goti. Dereva, Ephraim, mtu wa Butiama, alipoteza jicho la kushoto.

Askari alipokuja wodini kuandika maelezo, alikuwa na maneno yake tayari: wananchi wenye hasira, hawakufahamika.

"Jicho ni mimi," Wankyo alisema.

Kalamu ikasimama. "Mama, hakuna aliyekutaja."

"Andika. Na andika kwamba lori lilikuwa linakwenda polepole." Jina la Machibya hakulitaja.

Yakobo, kwenye kitanda cha pili, aligeukia ukutani. Hakusema naye kwa miezi minne. Siku alipozungumza, alisema, "Ungemwacha wamalize." Wankyo alimwekea chakula mbele yake, akatoka nje.

Kabla ya kesi ya Ephraim ya kumgonga Yakobo, Wankyo alikwenda Butiama, bega bado linamuuma. Mke wa Ephraim, Jenipher, alikuwa anapukuchua mahindi. Alipojua ni nani, alinyanyuka, akamnasa kofi mpaka Wankyo akaona giza. Hakuzuia. Akasubiri la pili, halikuja.

"Umefuata nini kwangu?"

"Nitasimama mahakamani niseme nilichokiona."

Ephraim alitoka ndani akipapasa fremu ya mlango. Alimwangalia kwa jicho lililobaki.

"Ulinipiga, halafu ukanilalia," alisema. "Nimefikiri kila siku. Sijui nikuitaje."

"Usiniite kitu."

"Kijana anatembea?"

"Kwa magongo."

Jenipher alirudi kwenye mahindi yake. Baada ya muda alisukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa Wankyo, bila kumtazama.

Ephraim aliachiwa huru kwa ushahidi ule. Wankyo, kwa lile jicho, alihukumiwa kifungo cha nje, mwaka mmoja, na kila asubuhi alifagia ua wa mahakama kabla ya kwenda kiwandani. Watu wa Manyamanyama walimpita wakielekea kazini. Machibya peke yake ndiye aliyekuwa anasimama kumsalimia, na hakuwahi kusema neno jingine zaidi ya salamu.