Filamu Iliyokaa Juu ya Meko

Mdogo wangu Mwandawiro alipomaliza filamu yake ya kwanza, mwaka wa 1966, aliniachia mkanda nimtunzie. Ulikuwa ndani ya kopo la bati la mviringo, pana kama sahani ya wali. Akaniambia, "Dada, huu ndio mmoja tu. Uweke mahali pakavu." Mimi nilisoma mpaka darasa la nne na mambo ya kamera siyajui, lakini mahali pakavu napajua. Nikaupandisha kwenye dari la jikoni, juu ya meko, pale ninapoweka mbegu ya mahindi ili moshi uzuie fukusi. Ukakaa hapo miaka kumi na saba.

Katika miaka hiyo Mwandawiro alitengeneza filamu nyingine tatu. Hakuwa na kampuni wala bosi. Akipata siku chache, anachukua kamera yake na kuondoka kwa miguu. Moja aliipigia Salaita, ya mwanamke anayetafuta punda wake kutwa nzima. Hakutumia waigizaji. Alikuwa anakaa na watu siku mbili tatu, anamenya mihogo nao, anabeba watoto wao, mpaka wanasahau kwamba ana kamera. Vijana wapiga filamu walikuja hata kutoka Nairobi kumuuliza anafanyaje. Anawajibu, "Naketi tu."

Agosti ya 1983, Mwalimu Gibson wa Voi alipanga siku ya kuonyesha kazi zake zote, ya kwanza hadi ya mwisho, katika ukumbi wa kanisa. Habari zikamfikia Namalwa, aliyekuwa akiishi karibu na stesheni. Mumewe Oduor alikuwa akiunganisha mabehewa pale, na ile filamu ya kwanza ilikuwa yake, kuanzia asubuhi akienda kazini mpaka jioni akinawa mikono. Oduor alikufa kwa malaria mwaka uliofuata, Namalwa akiwa na mimba ya binti yao Amolo. Picha waliyobaki nayo ni ile ya kipande, kitambulisho chake, uso tu, macho yamekodolewa.

Namalwa akaja mpaka kwangu Marungu. Hata chai hakungoja.

"Mama Tryphena, nataka Amolo amwone babake akitembea. Uso anaujua. Mwendo ndio hajui."

"Kopo liko salama," nikamwambia. Nilisema hivyo bila kulifungua.

Jumamosi ya maonyesho nililibeba kwenye kikapu, nimelifunga kwa leso safi. Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa magunia, projekta iko juu ya meza ya sakramenti, imetandikwa gazeti chini ili isikwaruze mbao. Mwandawiro, mvi kichwani sasa, akafungua kopo. Harufu ya moshi ikatoka hata Mwalimu Gibson akageuka. Mdogo wangu akainamisha pua.

"Dada, ulikuwa unaitunza au unaipika?"

Nikamweleza habari za dari na fukusi. Akacheka kidogo, kisha akavuta ncha ya mkanda akaacha kucheka. Ulikuwa umejikunja kama ganda la mbaazi.

"Joto limeufinya," akasema. "Mashimo haya ya pembeni hayaingii tena kwenye meno ya projekta. Nikiulazimisha utachanika wote."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna, dada. Lakini kosa ni langu. Nilisema pakavu, sikusema pa baridi."

Alitaka kwenda kumwambia Namalwa yeye mwenyewe. Nikamkataza. Namalwa alikuwa benchi la mbele, Amolo kando yake na sare ya shule iliyopigwa pasi. Nikaketi katikati yao nikasema yote, sikuficha hata ule uongo wa Marungu.



"Kwa hivyo mume wangu umembanika," akasema Namalwa. "Kama ngege, samaki wa ziwani."

"Nimembanika."

"Miaka kumi na saba."

"Nisamehe, Mama Amolo."

"Ngoja kwanza. Bado nina hasira."

Wakaonyesha zile filamu tatu. Watu walicheka, wakaitana majina wakijiona walivyokuwa wembamba. Punda wa Salaita alipopatikana wakapiga makofi. Mimi sikuona sana. Nilikuwa nikimwangalia Namalwa, naye alikuwa akiangalia sakafu.

Zilipokwisha, Mwandawiro akalichukua lile kopo akaenda nalo mlangoni, penye jua. Akamwomba Mwalimu Gibson kioo cha kukuzia, kile wanafunzi hutazamia wadudu. Akaukunjua mkanda taratibu mpaka katikati, ambako moshi haukufika sana, akamwita Amolo.

Msichana akafumba jicho moja. "Namwona," akasema. "Ameshika bendera. Hapa mguu uko juu." Akasogeza kioo. "Hapa bado uko juu."

"Na hapa?" Mwandawiro akauliza.

"Bado. Mjomba, anatembeaje sasa?"

Namalwa akasimama. Akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akapita katikati ya mabenchi mbele ya watu wote.

"Hivi," akasema. "Mguu wa kulia anautupa nje. Behewa lilimgonga goti akiwa kijana. Bega hili linashuka."

"Polepole zaidi," Mwandawiro akamwambia kutoka mlangoni. Alikuwa amekaa na Oduor siku tatu nzima. "Na kila baada ya hatua kadhaa anatazama nyuma."

"Anaogopa nini?" akauliza Namalwa.

"Anaangalia kama injini inamfuata."

Namalwa akapunguza mwendo, akatazama nyuma. Wazee wa reli waliokuwa ukumbini wakaanza kucheka, mmoja akaita, "Oduor, umechelewa leo." Amolo alitazama kioo, akamtazama mamake, akarudi kwenye kioo. Kisha akanipa mimi kile kioo nimshikie, akavua viatu vyake, akamfuata mamake akiutupa mguu wa kulia nje.

Namalwa akageuka akamkagua.

"Si sana hivyo," akasema. "Babako hakuwa kiwete."